Sista wa Uwanjani: Harambee ya kofia, kijana aliyejifungia chumbani, na barua nyingine

Mwezi huu vichwa vimeshinda magoti. Kwa kawaida barua kumi zikija, saba ni za magoti na vifundo vya miguu, lakini safari hii raga imekwisha, watoto wako nyumbani kwa likizo fupi, na wazazi wanaona kwa macho yao yale ambayo bweni huyaficha. Nimechagua barua tano. Ile ya mganga anayevuta shingo za wachezaji kwa shilingi mia tano sitaichapisha. Jibu lake ni hapana.

Picha ya kichwa imetoka safi

*Salamu Sista. Mwanangu yuko kidato cha tatu katika shule ya bweni na anacheza raga, namba saba. Kwenye mechi moja aligongana vichwa na mwenzake walipokuwa wakimkaba mtu. Rafiki zake wananiambia alipoinuka alienda kusimama upande wa wapinzani. Walimmwagia maji, akakaa kidogo, akarudishwa kipindi cha pili. Wiki iliyofuata tulimpeleka akapigwa skani ya kichwa na haikuonyesha kitu. Mwalimu anasema basi amepona. Lakini sasa ni wiki ya tatu na kila jioni kichwa kinamuuma, taa inamkera, hasomi, anajifungia chumbani. Juzi aliniuliza, "Mama, bila raga mimi ni nani?" Nilishindwa kumjibu. – Mama wa mchezaji, Kakamega*

Mama, nianze na hiyo picha, maana imewapumbaza wengi. Skani hutafuta damu iliyovuja, fuvu lililopasuka, uvimbe. Mtikisiko wa ubongo hauonekani humo. Ubongo umetikiswa ndani ya fuvu, seli zake zinafanya kazi kwa taabu, lakini umbo lake ni lile lile. Picha safi ni habari njema, shukuru Mungu, ila mwalimu anaitumia kujibu swali ambalo picha haikuulizwa.

Wala usimsikilize atakayekuambia kuwa kijana hakuzirai, kwa hiyo hakuumia. Wengi wanaopata mtikisiko hawapotezi fahamu hata kidogo. Mchezaji anayeinuka na kwenda kujipanga na wapinzani ameshajieleza. Kanuni ya raga duniani kwa mechi za ngazi hii ni fupi: ukishuku, mtoe, na siku hiyo harudi. Harudi baada ya maji, harudi baada ya kupumzika, harudi hata kama timu iko nyuma kwa pointi tatu. Ule uchunguzi wa dakika chache mnaouona kwenye televisheni, mchezaji akitolewa na kurejeshwa, ni wa mechi za kulipwa zenye daktari na video pembeni ya uwanja. Shule zetu pembeni ya uwanja zina ndoo.

Na kanuni hiyo haikuandikwa na watu waoga. Mwaka 2011, huko Carrickfergus, Ireland ya Kaskazini, mvulana wa miaka 14, Benjamin Robinson, aligongwa zaidi ya mara moja katika mechi ya shule, akaendelea kucheza, akaanguka mechi ikielekea mwisho, na hakupona. Ubongo uliotikiswa ukitikiswa tena kabla haujatulia unaweza kuvimba kwa kasi isiyowahiwa na hospitali. Ni jambo la nadra, lakini wanaokufa kwa njia hiyo karibu wote ni vijana. Wazazi wake wametumia miaka tangu hapo kuhangaika ili shule nyingine zielewe.

Wako yu hai, na wiki ya tatu bado si wiki ya kukata tamaa. Vijana wengi hupona ndani ya wiki nne. Mrudishe kwa daktari hata hivyo, na umwambie dalili, usimwonyeshe picha tu. Akianza kutapika mara kwa mara, akipata degedege, kichwa kikimzidia kila saa, mkono au mguu ukilegea, akiona vitu viwili viwili, akiwa mgumu kuamshwa au akianza kusema yasiyoeleweka, hapo hungoji kliniki ya Jumatatu, unakodi gari usiku huo huo.

Chumba chenye giza kina siku zake. Siku moja au mbili za kwanza, sawa, mtu apumzike, apunguze simu na televisheni. Zamani tuliwafungia watoto gizani hadi kichwa kiishe kabisa, na leo madaktari wameliacha hilo. Kijana wako atembee. Aende dukani, amwagilie mboga, azunguke shamba asubuhi. Kichwa kikimzidia kidogo apunguze, kikitulia aendelee. Masomo yanatangulia mchezo: aanze kwa nusu saa ya kusoma, kisha saa moja, arudi darasani kwa siku fupi kama shule itakubali (na uiombe kwa barua, maana ya mdomo husahaulika langoni). Asipoweza kukaa darasani siku nzima, hana kazi uwanjani. Kwa kucheza tena, mimi napenda mwongozo wa Uingereza wa 2023 kwa sababu ni rahisi kuukumbuka: hakuna mechi kabla ya siku 21, na kabla ya mazoezi ya kugongana ziwe zimepita siku 14 bila dalili akiwa ametulia. Hizo 14 kwake hazijaanza kuhesabiwa.

Sasa lile swali lake. Hasira za karibu, huzuni, wasiwasi, usingizi mbaya, hizo ni dalili za mtikisiko wenyewe, kama kichwa kuuma. Halafu juu ya hizo kuna msiba mwingine ambao hakuna anayempa pole: amepoteza timu. Mchezaji wa bweni huamka na timu, hula na timu, huitwa kwa jina la uwanjani hata na mpishi. Akiumia goti, kuna bandeji na kila mtu anaiona. Akiumia ubongo anaonekana mzima, na wenzake wanaanza kunong'ona kwamba anaogopa mechi. Ndipo watu wazima wanapokuja na ile yetu, "jikaze kisabuni". Mama, nakuomba katika nyumba yako hiyo isitamkwe mwezi huu.

Kaa naye wakati mnafanya kitu, mkichambua maharagwe kwa mfano, si uso kwa uso kama polisi. Kisha muulize kwa maneno yaliyo wazi: "Kuna wakati unawaza kwamba ni afadhali usiwepo? Unawaza kujidhuru?" Wazazi huniambia wanaogopa kumtia mtoto wazo. Kuuliza hakutii wazo. Kunamwonyesha kwamba nyumba hii inaweza kulibeba jibu. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, ondoa dawa za shamba na vidonge mahali anapofika, na piga 1199, simu ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, au 116 ya watoto. Na kama hofu yako ni polisi, ujue kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinapingana na Katiba. Nenda hospitali ukaseme kweli yote.

Mwisho, mtafute nahodha wa timu. Aje nyumbani, walete stori, wale ugali. Mchezaji aliyeumia hamhitaji kocha kama anavyowahitaji wenzake.

Tumechanga laki mbili na arobaini

*Sista, sisi ni wanafunzi wa zamani wa shule moja hapa Trans Nzoia. Mwaka jana mdogo wetu wa timu ya raga alijitoa uhai. Alikuwa ameumia, akaachwa nje ya kikosi muhula mzima. Tulifanya harambee na tuna shilingi 240,000. Tumekubaliana kununua kofia za raga 30, fulana zenye picha yake, na kuandaa mashindano ya kumkumbuka kila mwaka. Wengine wanasema tukuulize kwanza. – Mweka hazina*

Poleni sana. Na aliyesema mniulize kwanza, mpeni kiti cha mwenyekiti.

Kofia zifuteni. Ile kofia laini ya raga huzuia kuchanika ngozi na masikio kuvimba. Mtikisiko haijaonyeshwa kuuzuia, kwa sababu shida ni ubongo unaocheza ndani ya fuvu, na kofia iko nje. Ubaya zaidi ni kwamba mvulana wa miaka 16 akivaa kofia hujiona ana kinga, akaingiza kichwa pale ambapo jana angeingiza bega. Mtakuwa mmenunua ujasiri, na ujasiri tayari wanao wa kutosha.

Fulana zenye picha nazo zinanipa wasiwasi, ingawa najua moyo uliozibuni. Mtoto akijiua, wale wa rika lake walio pabaya humtazama. Wakiona uso wake kila kifua, jina lake likiimbwa, mmoja anaweza kudhani hiyo ndiyo njia ya kupendwa hatimaye. Mkumbukeni kwa maisha yake: alivyocheza, alivyochekesha, somo alilolipenda. Msitaje njia aliyotumia, msiseme alifanya hivyo "kwa sababu ya kuachwa kikosini", maana hakuna anayefika hapo kwa sababu moja, na kila mnapomtaja pawe na namba ya msaada. Kwenye fulana andikeni 1199, kubwa, mgongoni. Picha mpelekeeni mama yake.

Kuna familia mbili za Marekani ambazo njia yao inawafaa kuitazama, si kwa pesa zao, kwa mpango wao. Tyler Hilinski alikuwa akicheza futboli ya Kimarekani chuo kikuu, Washington State, akajiua Januari 2018 akiwa na miaka 21. Ubongo wake ulipochunguzwa ulikutwa na hatua ya kwanza ya ule ugonjwa unaohusishwa na kugongwa kichwa mara nyingi, ugonjwa ambao mpaka leo huthibitishwa baada ya kifo tu. Wazazi wake, Mark na Kym, wangeweza kusimama hapo na kusema tumempata muuaji. Badala yake taasisi yao, Hilinski's Hope, imeweka nguvu kubwa kwenye afya ya akili: wanazunguka vyuoni kuongea na timu, na kila Oktoba vyuo vingi huwa na wiki ya jambo hilo, wachezaji wakiinua vidole vitatu kwa ajili ya jezi yake namba 3.

Wa pili ni Morgan Rodgers, mchezaji wa lakrosi (mchezo wa kurushiana mpira kwa fimbo zenye wavu) wa chuo kikuu cha Duke. Aliumia goti, sio kichwa. Alitazama wenzake wakicheza bila yeye, na Julai 2019 alijiua. Mwaka uliofuata familia na rafiki zake walianzisha Morgan's Message. Nguzo yake ni mabalozi, yaani wanafunzi wenyewe, ndani ya shule na vyuo vyao, wanaoitisha vikao na kuzungumza na wenzao kuhusu akili kama wanavyozungumza kuhusu nyonga. Mzungumzaji mgeni anakuja mara moja na kuondoka. Balozi yuko bwenini saa nne usiku, wakati ambapo mambo hutokea.

Ningekuwa mimi ndiye mweka hazina, ningefanya hivi.

Kwanza jambo lisilogharimu kitu. Muombeni mwalimu mkuu barua yenye muhuri inayosema kuna mtu mmoja pembeni ya uwanja ambaye akisema mchezaji huyu atoke, anatoka, na kocha hana rufaa. Bila barua hiyo msitumie hata shilingi. Nimesimama kwenye mistari ya pembeni ya viwanja vingi vya Magharibi na Bonde la Ufa, na mara zote ugomvi wetu na makocha haukuwa juu ya maarifa. Kocha alikuwa ameona kama nilivyoona. Ugomvi ulikuwa nani mwenye kauli.

Kisha mafunzo ya huduma ya kwanza. Msalaba Mwekundu wanafundisha, St John Ambulance wanafundisha, ombeni bei ya kikundi. Msimpeleke mwalimu wa michezo peke yake, atahamishwa Januari. Mpelekeni matroni, mpelekeni nahodha na msaidizi wake, na tafadhali mpelekeni dereva wa basi la shule. Dereva hakosi mechi, hana presha ya ushindi, na ndiye atakayeendesha kwenda hospitali. Sijui kwa nini hakuna anayemfikiria.

Chapisheni kadi ndogo, mzitie plastiki, moja kwenye kila mkoba. Iwe na maswali ambayo madaktari wa michezo duniani wameyakubali kwa watu wasio madaktari: Tuko uwanja gani leo? Hiki ni kipindi cha ngapi? Nani amefunga mwisho? Mechi iliyopita mlicheza na nani? Mlishinda? Akikosea hata moja, ametoka. Na chini yake, kwa herufi nene, kwamba akiyajibu yote sawasawa lakini ana kizunguzungu, anayumba au macho yamemzubaa, ametoka vilevile. Vijana wana akili, watayakariri majibu kwenye basi.

Fungu la tatu liwe la gari. Jumamosi jioni mhasibu wa shule hayupo, mwalimu ana mia nne mfukoni, na mtoto anatapika. Wekeni elfu thelathini mahali ambapo watu wawili wanaweza kuzitoa kwa simu saa hiyo hiyo, kisha zirudishwe. Nimeona watoto wakilazwa sanatoriamu hadi Jumatatu kwa sababu ya nauli tu, na sanatoriamu zenyewe mnazijua, kitanda na panadol.

Zitakazobaki zote, na ndiyo sehemu kubwa, mpeni mshauri nasaha aje kutoka nje ya shule mara moja kwa mwezi. Nasema kutoka nje kwa makusudi. Shule nyingi zina mwalimu wa ushauri nasaha ambaye ana vipindi ishirini na ushei kwa wiki, na katika shule nilizozijua mimi huyo huyo ndiye mwalimu wa nidhamu. Mtoto gani atamfungulia moyo mtu aliyemchapia barua ya kusimamishwa wiki jana? Huyo mshauri aanze na orodha moja: wachezaji wote walio nje kwa jeraha, la kichwa au la popote. Aonane na kila mmoja, aitwe au asiitwe, ili asiwepo anayeonekana ameitwa kwa kuwa ni dhaifu. Mdogo wenu angekuwa kwenye orodha hiyo.

Mjisajili. Kwa sheria ya vikundi vya jamii ya 2022, mkiwa watu kumi mnatosha; andikeni katiba na kumbukumbu za kikao cha kwanza, nendeni ofisi ya maendeleo ya jamii. Mkikua sana ndipo mfikirie sheria ya mashirika ya manufaa ya umma iliyoanza kutumika Mei 2024. Akaunti iwe ya benki, yenye watia sahihi watatu, si simu ya mweka hazina, hata kama mweka hazina ni mwaminifu kama wewe.

Na mashindano fanyeni, mimi mwenyewe nitakuja. Lakini wekeni kanuni ambayo sijaiona mahali: timu itakayomrudisha uwanjani mchezaji aliyetolewa kwa kichwa imepoteza mechi hiyo hapo hapo, hata kama inaongoza kwa thelathini. Mtaona makocha watakavyojifunza haraka.

Nitapoteza namba

*Shikamoo Sista. Mimi ni msichana, kidato cha pili, Mwanza. Nacheza mpira wa miguu, beki wa kati. Kwenye mazoezi ya UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, kipa alinipiga kiwiko kichwani bila kukusudia. Tangu siku hiyo nikikimbia naona ukungu na kichwa kinagonga. Zimebaki siku tano tusafiri. Nikimwambia mwalimu nitapoteza namba. Nimemwambia rafiki yangu mmoja tu na nimemwapisha. – Beki*

Marahaba, mwanangu. Leo, kabla ya mazoezi ya jioni, mwende wewe na huyo rafiki kwa matroni au kwa mwalimu wa kike unayemwamini, yeye aanze kusema kama wewe sauti itakataa. Kiapo ulichompa nakivunja mimi.

Kulikuwa na msichana wa miaka 17 huko Ottawa, Kanada, anaitwa Rowan Stringer, nahodha wa timu ya raga ya shule yake. Mei 2013 aligongwa kichwa mara kadhaa ndani ya siku chache. Aliwaandikia rafiki zake kwa simu kwamba anahisi ana mtikisiko. Akatafuta hata kwenye intaneti. Wazazi na kocha hawakuambiwa. Alicheza tena, akagongwa tena, akafa. Jimbo la Ontario lilipitisha sheria yenye jina lake mwaka 2018. Rafiki zake walikuwa wanajua, kama wako anavyojua.

Naam, nimekutisha kidogo, nilikusudia. Sasa nikutulize: ukungu unaouona kwa kukimbia ni dalili inayopona kwa watu wengi wakiacha kugongana na kurudi polepole. Msimu huu unaweza kukupita. Una kidato cha tatu na cha nne mbele. Wasichana katika soka hupata mtikisiko zaidi ya wavulana wa soka, na hilo mwalimu wako alijue pia, asidhani raga peke yake ndiyo yenye vichwa. Mwambie vilevile kwamba tangu 2024 sheria za soka zinayaruhusu mashindano kuweka badiliko la ziada kwa jeraha la kichwa, ambalo halihesabiwi katika yale ya kawaida. Waandaaji waulizwe kama wameliweka. Pale ambapo kumtoa mchezaji hakuigharimu timu, walimu huona ukungu mapema zaidi.

Usipopata wa kumwambia, piga 116. Ni bure Tanzania nzima.

Karatasi ya shule

*Jambo Sista. Sisi ni watu wa Bukavu, tuko Louisville, Marekani. Mtoto wangu wa kiume ameingia timu ya football ya hapa, ile ya kofia ngumu. Shule imeleta makaratasi mengi ya kutia sahihi, moja inasema habari ya kichwa. Wamama wenzangu wanasema ukitia sahihi, mtoto akiumia shule haina neno. Mtoto ndiye ananitafsiria, na anasema, "Mama, tia tu." – Mama wa wanne*

Mama, mtoto anayetaka kucheza si mkalimani wa karatasi ya kumruhusu kucheza. Shule za umma za Marekani zinapaswa kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa. Waambie unataka mkalimani wa Kiswahili, ni haki yako na ni bure.

Hiyo karatasi ya kichwa ina historia. Oktoba 2006, katika jimbo la Washington, mvulana wa miaka 13, Zackery Lystedt, aligonga kichwa kwenye mechi ya shule, akapumzika, akarudishwa. Baada ya mechi alianguka. Aliishi, lakini ilimchukua miaka kujifunza upya kusema na kusimama. Familia yake ilipigania sheria, ikapita 2009, na kufikia 2014 majimbo yote 50 yalikuwa na ya kwao. Kiini chake kwa jumla ni hiki: mzazi na mchezaji waelezwe hatari, anayeshukiwa kuumia atolewe, na asirudi bila kuruhusiwa na mtu wa afya. Kwa hiyo karatasi hiyo inawafunga wao pia. Omba nakala, ibandike kwenye friji.

Wenzako hawajakosea kabisa, maana katika rundo hilo huenda kuna karatasi nyingine ya kuachilia madai. Hiyo isomwe peke yake, polepole, na mkalimani. Na kofia ngumu isikutulize: huzuia fuvu kupasuka, mtikisiko haiuzuii. Kama jibu lako baada ya kusoma ni kwamba acheze mchezo mwingine, wewe ndiye mama.

Alale au asilale?

*Sista, hapa kwetu mtu akigongwa kichwa tunamkesha asilale, tunampaka dawa ya kuchua utosini na kumpa Brufen. Ni sawa? – Kocha wa mtaani, Voi*

Kocha, alale. Usingizi ni dawa, mradi ameonwa na mtu wa afya na hana zile dalili za hatari nilizomtajia Mama wa Kakamega hapo juu. Usiku wa kwanza asilale peke yake chumbani. Kama daktari ameagiza aamshwe, aamshwe; asipoamka vizuri, hospitali. Brufen na aspirini ziache siku mbili za kwanza kwa sababu ya hofu ya damu kuvuja, panadol inatosha. Pombe asiguse na bodaboda asiendeshe. Dawa ya kuchua ibaki kwenye magoti.